Mlango wa Uani

Mimi ni Mmakonde wa Mtawanya na kazi yangu ni kupika. Nimepika katika hoteli moja ya Shangani tangu enzi zile wageni wa kampuni za gesi walipomiminika Mtwara na magari yao marefu. Wengi wao wameshaondoka na mimi bado napika. Siku hizi tunawalisha watu wa bandarini, wanunuzi wa korosho msimu ukifika, maofisa wa semina, na Wazungu wachache wanaokuja kuzamia kuangalia samaki. Wote wanakula vizuri, na hilo nalisema bila haya.

Jikoni kwetu kuna milango miwili. Mmoja unatoka uani, na huo ndio tunaoingilia sisi. Mwingine unakwenda mbele, kwenye ukumbi wa kulia, unasukumwa kwa bega na wahudumu wenye sinia. Ukikaa jikoni kwetu siku moja tu utaona jambo ambalo sijawahi kumsikia mtu akilitamka: kadiri mtu alivyo mweupe ndivyo anavyosogezwa mbele. Mapokezi kulikuwa na msichana kutoka kaskazini, mweupe kama andazi ambalo halijaguswa na mafuta. Ukumbini, maji ya kunde. Jikoni, sisi. Na kwenye chumba cha kufulia mashuka alikuwepo mama mmoja wa ng'ambo ya Ruvuma, aliyevukia Kilambo zamani akaolewa huku. Yeye alikuwa mweusi kutushinda wote, na chumba chake hakikuwa hata na dirisha.

Mameneja waliopita walikuwa na lugha yao ya kulisemea jambo hili. "Sura ya mapokezi," walisema. Au, "Kiswahili kilichonyooka." Sisi wa huku tukisema mtu inatoka ntu, mlango unakuwa nlango, na wageni kutoka Dar hucheka kabla hatujamaliza sentensi. Baadhi ya mameneja hao walikuwa weusi kama mimi. Hilo ndilo lililokuwa likiniudhi zaidi, ingawa sikukasirika kila siku. Mtu hawezi kukasirika kila siku na bado wali wake usiungue.

Mama yangu naye alikuwa mpishi. Alikuwa na chale usoni, zile za kizamani, alizochanjwa akiwa msichana kule juu uwandani, na alipika miaka mingi Mikindani kwa familia moja ya wafanyabiashara. Walikuwa watu wema. Walimpa nguo za sikukuu na walimlipia hospitali. Lakini sikumbuki hata siku moja nilipomwona akipita mlango wao wa mbele. Niliwahi kumuuliza nani alimkataza, akafikiri, akaniambia hakuna. Ilikuwa hivyo tu.

Sasa nimlete mtani wangu, maana bila yeye hakuna habari.

Yeye ni Mmakua, mimi ni Mmakonde, na kwetu watu wa makabila hayo ni watani. Mtani anaweza kukunyang'anya chapati mkononi ukamwacha. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako. Kila mmoja humwita mwenzake mtumwa wake, na ubishi wa nani bwana na nani mtumwa umeanza kabla ya babu zetu na hautakwisha. Halafu ukifiwa, huyo huyo ndiye anayekuja mbio kukuchotea maji, kukupikia, na kuwachekesha wafiwa hata wale walioapa hawatacheka. Ukimkasirikia mtani wako, aibu ni yako.

Tulifanya kazi meza moja, yeye upande wa mboga, mimi upande wa samaki. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, na sauti yake ilisikika hadi getini. Asubuhi nikiingia alikuwa akisema, "Ntumwa wangu kaja. Leo umeoga, au umejipaka tu masizi ukafanana nami?" Nami nikamjibu kwamba taa ya jikoni izimwe, meno yake yanatosha. Hivyo ndivyo tulivyosalimiana. Mimi nilimpenda yule mwanamke kuliko baadhi ya ndugu zangu.

Kisha akaja meneja mpya, mwanamke wa Afrika Kusini, mweusi kama sisi. Kampuni yenye hoteli ilimtuma, na hakuna aliyetuambia ana sura gani. Siku ya kwanza alikuja na bajaji, peke yake, amevaa gauni la kawaida na begi begani. Mlinzi wetu, ambaye akimwona mzungu anatembea kwa miguu tu humfungulia geti lote mpaka ukutani, alimtazama akamwambia, "Wa jikoni wanapita nyuma, dada." Yeye hakujua Kiswahili cha kutosha kubishana, akafuata kidole.

Akatokea kwetu. Mtani wangu alikuwa na beseni la mihogo mbele yake na haraka zake zote. Akamsogezea kigoda na kisu, akamwambia akae aanze. Na yule mama alikaa. Alimenya muhogo mmoja, vibaya sana, nusu ya muhogo ikaenda na ganda, na mtani wangu akawa anamwambia kwa ishara kwamba huko kwao inaonekana wanakula maganda. Alikuwa kwenye wa pili pale mhasibu alipofungua mlango wa mbele akimtafuta, akabaki kinywa wazi. Meneja akajifuta mikono, akatushika mkono mmoja mmoja, akatoka na mhasibu kwa mlango ule. Tulicheka mpaka jioni, lakini kicheko chenyewe kilikuwa na woga ndani yake.

Hakumfukuza mtu. Kumbe alikuwa anatazama. Baada ya muda msimamizi wa ukumbi alimfuata mumewe Dodoma, nafasi yake ikawa wazi, na meneja akatuita wote, hata mama wa mashuka, akasema kupitia kwa msichana wa mapokezi aliyekuwa akimtafsiria: safari hii nafasi ni ya yeyote anayeiweza, awe anafanya kazi mlango gani.

Mtani wangu aliitaka. Aliniambia jioni ile tukisugua masufuria, na aliniambia bila utani, jambo lililonishtua. Nikamuuliza anataka nini huko, sketi nyeusi na viatu vya kubana? Akasema, "Napika tangu sijavunja ungo. Sijawahi kuona uso wa ntu anayekula chakula changu."

Nikasugua sufuria lile lile mara mbili. Na mimi sijawahi.

Kila mtu jikoni aliona ni yake. Alikuwa ameongoza wapishi kwenye harusi za mji mzima, watu mia wakisubiri na yeye hatetereki, na Kiingereza cha mezani alikuwa nacho, alikiokota kwa watu wa gesi. Meneja mwenyewe alianza kumwita ukumbini saa za utulivu, amwonyeshe meza zinavyopangwa. Nikawa nampikia chai yake nikimwambia huko mbele asisahau kuninunulia kanga, maana mtumwa akipanda cheo bwana ndiye anayevaa.

Tukaharibu wenyewe, kwa mdomo.

Asubuhi moja alikuwa amesimama mbele ya jiko langu, kanizibia mwanga, anaonja mchuzi wangu kwa kijiko kikubwa bila kuombwa. Nikampigia kelele: "Ntumwa wangu, ondoa hicho kiza chako hapa, mchuzi unadhani usiku umeingia." Akanijibu kwamba mchuzi umemtambua bwana wake. Jikoni zima likacheka. Meneja alikuwa mlangoni pamoja na msichana wa mapokezi, na alipouliza tumesema nini, msichana yule, ambaye hana kosa lolote, alimtafsiria neno kwa neno.

Tukaitwa ofisini. Tulikwenda tukisukumana begani. Meneja alikuwa amesimama, na uso wake sikuwa nimeuona hivyo kabla. Akamuuliza mtani wangu, kwa upole sana, kupitia kwa msichana: je, ni kweli huyu anakuita mtumwa?

Mtu wa kwetu ataelewa kilichofuata. Mtani hatoki ndani ya utani kwa sababu kaulizwa na mkubwa. Ukiwa na mkubwa ndipo unapokoleza. Mtani wangu akainamisha kichwa, akatoa sauti ya msibani, akasema, "Ndiyo, mama. Kila siku. Na ananipiga mwiko. Na alinichukulia mume."

Sikuweza kujizuia. Nikasema mume mwenyewe hakuwa na meno, nilimrudisha. Tukaangua kicheko sote wawili.

Msichana alitafsiri hata hilo la meno. Meneja hakucheka. Akaketi, akavua miwani. Ndipo tukaona, tukaanza kueleza kwa pamoja: ni utani, mama, huyu ni Mmakua, mimi Mmakonde, hakuna mume, hakuna mwiko. Tulivyozidi kueleza ndivyo tulivyozidi kuonekana watu wanaoogopa. Mtani wangu akasema neno moja la kweli kabisa: "Siwezi kumshitaki huyu. Nani atanizika?" Msichana akalitafsiri, na likasikika vibaya kuliko yote.

Meneja alijibu polepole. Alisema neno lile mama yake aliitwa na watu waliolimaanisha. Alisema akiwa mtoto alihesabiwa kwa rangi kila alipokanyaga, na katika nyumba anayoisimamia hakuna atakayeitwa mtumwa wala kutajiwa weusi wake, hata kwa mchezo. Na kuhusu ukumbi, angesubiri. Hawezi kumpandisha mtu wakati hajajua kama mtu huyo anaonewa au anaonea.

Sikumchukia. Nataka hilo lieleweke. Nilimwonea huruma, nikamkasirikia, na nikajua kwa upande wake yuko sahihi, yote kwa wakati mmoja. Lakini nilirudi jikoni nikatazama: mapokezi andazi langu, ukumbini maji ya kunde, jikoni sisi, na mama wa mashuka kule kwenye giza lake. Maneno yalikuwa yamepigwa marufuku. Mpangilio ulikuwa pale pale.

Utani ukaisha jikoni. Mtani wangu aliniambia "habari za asubuhi" nami nikamwambia "nzuri." Tuliombana chumvi kwa adabu. Alikuwa amekosa kitu alichokitaka kwa moyo wake wote, na mimi ndiye niliyefungua mdomo kwanza, na hatukuwa na njia ya kulizungumza, kwa sababu njia yetu ya kuzungumza ndiyo iliyokatazwa. Msichana wa mapokezi akawa anashika na ukumbi kwa muda. Alichoka hadi macho yakaingia ndani.

Katika hali hiyo mama yangu akafariki. Alikuwa mzee na aliugua kwa utulivu, na alfajiri ile alipokata roho nilikuwa nimemshika mguu. Kabla jua halijawa kali mtani wangu alikuwa uani kwetu Mtawanya, kanga kiunoni, anapuliza moto. Hakunipa pole. Alinitazama tu, akasema, "Sasa ntumwa umebaki yatima, nitakuuza kwa nani?" Hapo ndipo nilipolia. Tangu alfajiri nilikuwa sijaweza.

Watu wa hoteli walikuja na gari la hoteli. Meneja alikuwa amejifunika kanga ya kuazima, akakaa kwenye jamvi na wanawake, msichana wa mapokezi ubavuni mwake. Mama akaoshwa, akavishwa sanda, akasaliwa, na wanaume wakaingia kuchukua jeneza. Nyumba ya mama ina sebule inayofungukia barazani, na nyuma uani. Njia ya makaburini inaanzia nyuma, na jeneza lingegeuka kwa urahisi huko, kwa hiyo mjomba wangu akaelekeza lipitie uani.

Mtani wangu akalala chini kizingitini pa mlango wa uani, chali, mikono kifuani.

Watu walijua kinachotakiwa. Mtani akizuia jeneza hupewa chochote, akaondoka, watu wakacheka kidogo, moyo ukapoa. Mjomba akamtupia sarafu. Akazirudisha. Akamtupia noti, akairudisha nayo.

"Hapiti ntu," alisema akiwa amelala hivyo hivyo. "Huyu bibi ni ntumwa wangu, Mmakonde asiyejua hata kupiga chafya kistaarabu, nami ndiye bwana wake, nitasema anapopita. Kapika mjini maisha yake yote. Kaingilia uani, katokea uani. Mwanawe huyo naye anapika, anaingilia uani. Na mimi, bwana wao, naingilia uani. Kwa nini? Kwa sababu jua lilitupenda zaidi kuliko wale wanaotabasamu kule mbele. Basi leo mmoja wetu atatoka nlango wa mbele. Hamtaki, nizikeni naye."

Kulikuwa na kicheko, halafu kikaisha. Mjomba akairudisha noti mfukoni. Mtani wangu akageuza kichwa pale chini hadi akamwona meneja kwenye jamvi, akamwambia msichana, "Mwambie. Usipunguze kitu. Mwambie yeye mwenyewe siku ya kwanza kapita nlango wetu, na muhogo kamenya vibaya, na sisi hatukumcheka kwa rangi yake, tulimcheka kwa muhogo."

Msichana akatafsiri. Alitafsiri yote, hata lile la wanaotabasamu mbele, masikio yake yakawa mekundu. Nilimheshimu sana siku ile.

Meneja alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akainuka, akapita katikati ya wanawake kwenda mlango wa sebule. Ulikuwa umefungwa nusu, na kwa nje, barazani, viatu vya waombolezaji vilikuwa vimerundikana hadi kwenye ngazi. Akainama, akaanza kuvisogeza kwa mikono yake. Kandambili kwa kandambili. Mama wa mashuka akaenda kumsaidia, kisha msichana. Njia ilipokuwa wazi, mtani wangu akainuka kizingitini, akajikung'uta vumbi, akamwambia mjomba, "Haya. Mnangoja nini?"

Mama yangu akatoka mlango wa mbele. Wanaume walizunguka nyumba nzima kurudi njia ya makaburini, na mjomba alinung'unika kwamba ni mzunguko wa bure. Haukuwa wa bure. Nilisimama barazani katikati ya viatu nikalia, na nilikuwa na furaha, na sioni haya kusema hivyo.

Niliporudi kazini baada ya msiba, meneja alituita tena ofisini. Tulikwenda bila kusukumana. Alimwambia mtani wangu kwamba ukumbi ni wake akiutaka bado. Akasema pia, akinitazama mimi, kwamba hajaelewa vizuri, na kwamba neno lile masikio yake hayatalizoea kamwe. Mbele ya wageni lisisikike. Kuhusu nyuma hakusema kitu. Mtani wangu alisahau utani wote. Alitikisa kichwa kukubali, mara nyingi mno.

Asubuhi yake ya kwanza alivaa sketi nyeusi, shati jeupe na viatu vipya. Tulimwona kupitia kidirisha cha mlango wa mbele, amesimama kati ya meza, na ule urefu wake. Wahudumu walikuwa wachache siku ile, kwa hiyo ilibidi nibebe mwenyewe sinia la samaki. Nikausukuma mlango kwa bega, mara yangu ya kwanza kuupita saa za wageni. Nikamfikishia sinia. Mdomo wangu ulikuwa tayari kurudisha utani wake.

Akalipokea kwa mikono miwili, akatabasamu, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka, kila m mahali pake, "Asante sana kwa msaada, dada."

Miaka yote ile hakuwahi kuniita dada. Nikasema karibu. Nikarudi jikoni, nikageukia ukutani, nikakata vitunguu ambavyo hakuna aliyeviagiza. Nilimtakia kazi ile kwa moyo wote na bado iliniuma. Niliona kama nimemzika mtu wa pili.

Wageni walipokwisha, mlango ukafunguka. Siyo wa mbele. Alikuwa amezunguka nyumba nzima akaja na mlango wa uani. Akanisukuma kutoka kwenye kigoda changu kwa nyonga, akakaa yeye, akaninyooshea miguu.

"Nivue viatu, ntumwa wangu," alisema. "Vinabana."

Nikachuchumaa. Miguu ilikuwa imevimba juu ya ukingo wa kiatu. Nikamuuliza kama aliwaona wakila.

"Niliwaona," alisema. Akanisogezea mguu karibu zaidi. "Yule nnene wa korosho anafumba macho akila samaki wako."

Nikamvua kiatu cha kwanza, kisha cha pili, huku nikimtukana.